Majina Katika Lugha ya Kiingereza

Kila kitu kilicho duniani kina jina lake. Mtoto azaliwapo hupewa jina, na kijiji kikianzishwa hupewa jina. Na mchungaji katika mbuga za Usukuma aweza kumtaja ng'ombe mmoja katika kundi kubwa, kwa rangi yake na pembe zake, hata mwenzake akamjua mara moja. Katika kitabu cha Mwanzo imesimuliwa ya kuwa Adamu, kabla hajapata mwenzi, aliletewa wanyama na ndege ili awape majina. Basi kutaja majina ni mwanzo wa maarifa. Asiyejua jina la kitu hawezi kukiomba, wala kukiuza kwa haki, wala kukitetea kisichukuliwe.

Mwanafunzi wa Kiingereza naye huanza na majina. Katika Tanzania shule nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili, lakini katika shule za sekondari vitabu vya masomo mengi vimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Ibadakuli, aliyezoea Kisukuma nyumbani na Kiswahili darasani, huikuta lugha ya tatu ikimngoja mlangoni. Somo hili lamwonyesha jinsi majina ya lugha hiyo yanavyofanya kazi, na mahali ambapo yeye, kwa kuwa ni msemaji wa Kiswahili, yafaa aangalie sana asijikwae.

1. JINA NI NINI?

Jina ni neno litajalo mtu, mnyama, mahali, kitu, au jambo. Vitabu vya siku hizi huliita nomino. Maana ni ile ile. Tazama sentensi hii: "The teacher left his bicycle at the station." Maana yake, mwalimu aliacha baiskeli yake stesheni. Maneno matatu ndiyo majina: "teacher" ni mtu, "bicycle" ni kitu, "station" ni mahali. Neno "left" lasema tendo, kwa hiyo si jina.

Lakini neno haliitwi jina kwa sura yake. Huitwa jina kwa kazi yake. Watu wa Shinyanga na Geita, ambao nchi yao ina migodi mingi, wana mfano mzuri wa jambo hili. Neno "mine" ni jina, maana yake mgodi. Tena neno "mine" si jina, maana yake ni "yangu" au "wangu". Mtu asemapo "The mine is mine", amesema, "Mgodi ni wangu." Herufi ni zile zile nne, lakini kazi ni mbili. Vivyo hivyo neno "well" ni kisima, tena ni "vizuri". Basi msomaji asiulize kwanza, "Neno hili limeandikwaje?" Na aulize, "Neno hili lafanya kazi gani katika sentensi?"

2. MAJINA YA PEKEE NA MAJINA YA JUMLA

Jina la pekee ni la mtu mmoja, au mahali pamoja, au kitu kimoja, lisilo la mwingine wa namna yake. Ibadakuli, Shinyanga, Mwadui, Geita na Mwanza ni majina ya pekee. Jina la jumla ni la kila kitu cha namna moja: "village" ni kijiji cho chote, "town" ni mji wo wote, "lake" ni ziwa lo lote.

Jina la pekee huanza na herufi kubwa po pote liwapo, hata katikati ya sentensi. Mwaka 1858 msafiri Mwingereza, John Hanning Speke, alifika ukingo wa kusini wa ziwa kubwa lililo kaskazini ya Usukuma, akaliita kwa jina la malkia wa nchi yake. Tangu hapo Waingereza huandika "Lake Victoria" kwa herufi kubwa mbili. Lakini mtu akisema tu "We saw a lake", hana haja ya herufi kubwa, kwa kuwa hakutaja ziwa gani.

Katika Kiingereza siku za juma, miezi, lugha, na mataifa huhesabiwa pamoja na majina ya pekee. Mwanafunzi na aandike "Monday", "August", "Sukuma", "Swahili", kila moja kwa herufi kubwa.

Majina ya pekee ya watu na miji hayatanguliwi na neno "the". Huandikwa "Shinyanga is a town", wala si "The Shinyanga". Lakini mito hutanguliwa nalo; Waingereza husema "the Nile".

3. UMOJA NA WINGI

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na mwanafunzi asipite kwa haraka.

Katika Kiswahili jina hubadilika mwanzoni mwake. Mtu huwa watu, kiti huwa viti, mti huwa miti. Ndivyo ilivyo katika Kisukuma pia: "munhu" ni mtu mmoja, "banhu" ni watu. Lugha hizi ni ndugu, na wenye kuzisema hutega masikio yao kwenye mwanzo wa neno. Lakini katika Kiingereza dalili ya wingi hukaa mwishoni. "Goat" ni mbuzi mmoja. "Goats" ni mbuzi wengi.

Tofauti ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Tazama sentensi hizi mbili za Kiswahili:

Mvulana mdogo alikuja.
Wavulana wadogo walikuja.

Maneno ni matatu, na yote matatu yamebadilika. Jina latangaza wingi, neno la sifa lautangaza, na kitenzi chautangaza. Hata msikilizaji asiposikia neno moja vema, mengine mawili yatamweleza. Sasa tazama Kiingereza:

The small boy came.
The small boys came.

Kilichobadilika ni herufi moja tu. Neno "small" halikubadilika, wala "came", wala "the". Mzigo wote wa wingi umebebwa na ile "s" moja. Mwanafunzi akiisahau, hakuna neno jingine litakalomsaidia, na msomaji atadhani ya kuwa alikuja mvulana mmoja. Hii ndiyo sababu waalimu hukazania sana herufi hiyo. Wanafunzi wengi huidhani kuwa ni pambo, kumbe ndiyo nguzo ya katikati inayoshika paa.

Kuna jambo jingine la ajabu juu ya herufi hii. Waingereza husema "The boy runs", na tena "The boys run." Jina likiwa na umoja, "s" hukaa kwenye kitenzi, jina likiwa na wingi, "s" huhamia kwenye jina. Ni kana kwamba kuna ndoo moja tu kisimani kwa watu wawili: mmoja akiitumia, mwenzake hungoja. Hivyo ndivyo ilivyo kwa majina mengi, kitenzi kikiwa cha wakati uliopo.

Kanuni za kuandika wingi ni hizi:

Kwanza, majina mengi huongezwa "s" tu: "cow, cows", "road, roads", "tree, trees".

Pili, majina yaishiayo na sauti kama "s", "x", "sh" au "ch" huongezwa "es", kwa kuwa ulimi hauwezi kutamka "s" mbili pamoja: "bus, buses", "box, boxes", "dish, dishes", "church, churches".

Tatu, jina likiishia na "y", na kabla yake hakuna irabu, "y" hutoka na mahali pake huwekwa "ies". Mfano wake wajulikana sana Shinyanga. Katika miaka ya 1930 mji huu ulikuwa makao ya idara iliyochunguza mbung'o, mdudu auaye ng'ombe na kuwatia watu ugonjwa wa malale. Mbung'o mmoja ni "tsetse fly". Mbung'o wengi ni "tsetse flies". Lakini kabla ya "y" ikiwapo irabu, huongezwa "s" tu: "day, days", "donkey, donkeys".

Nne, baadhi ya majina yaishiayo na "f" au "fe" hubadilika kuwa "ves": "calf, calves", yaani ndama, "knife, knives", yaani visu, "leaf, leaves", yaani majani. Lakini si yote. Paa la nyumba ni "roof", na mapaa ni "roofs". Mtemi ni "chief", na watemi ni "chiefs". Watemi wa Usukuma walitawala nchi zao hata serikali ya Tanganyika ilipouondoa utawala wao mwaka 1963. Wala hakuna aliyewaita "chieves".

Tano, baadhi ya majina yaishiayo na "o" huongezwa "es": "potato, potatoes", "tomato, tomatoes". Lakini "radio" huwa "radios" na "photo" huwa "photos".

4. MAJINA YASIYOFUATA KANUNI

Katika kila lugha yapo maneno ya kale yaliyokataa kubadili desturi zao. Katika Kiingereza mengi ya maneno hayo ni ya vitu vya kila siku, ambavyo watu walivitaja mno tangu zamani: "man, men", "woman, women", "child, children", "foot, feet", "tooth, teeth", "mouse, mice". Haya hayana njia ila kuyakariri.

Moja lawafaa sana wakulima wa Usukuma, nalo ni "ox", yaani maksai avutaye plau. Maksai wawili si "oxes", bali ni "oxen". Tena Kiingereza hakiwaiti ng'ombe wote kwa jina moja kama Kiswahili kifanyavyo. Dume ni "bull". Aliyehasiwa ni "ox". Jike aliyezaa ni "cow". Mtamba ni "heifer". Ndama ni "calf". Katika Kiswahili mtu aweza kusema tu, "Nimeuza ng'ombe", na maneno yake yakawa kweli. Lakini akiandika kwa Kiingereza "I have sold a cow", naye ameuza maksai, mnunuzi angali na haki ya kudai ng'ombe jike.

Na mtu atakaye kuwataja wote pamoja, madume kwa majike, hutumia neno "cattle". Neno hili ni la wingi siku zote. Husemwa "The cattle are thirsty", wala haisemwi kamwe "a cattle". Mtu akitaka kuwahesabu husema "twenty head of cattle", yaani vichwa 20 vya ng'ombe. Na hapo neno "head" halichukui "s". Neno "sheep", yaani kondoo, hufanana na majina ya Kiswahili kama ng'ombe na mbuzi, kwa kuwa umoja na wingi wake ni sawa: "one sheep, ten sheep".

5. ALMASI HUHESABIKA, DHAHABU HUPIMWA

Mashariki ya kaskazini ya mji wa Shinyanga uko mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa baada ya John Williamson, mjuzi wa miamba kutoka Kanada, kuvumbua almasi pale mwaka 1940. Magharibi, upande wa Geita, iko nchi ya dhahabu. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hata miaka ya 1960, ukafunguliwa upya mwaka 2000. Ibadakuli, penye uwanja wa ndege wa Shinyanga, i kati ya mali hizi mbili, na kwa mali hizi mbili mwanafunzi aweza kujifunza kanuni kubwa ya Kiingereza.

Almasi huhesabika. Mtu aweza kuweka mezani almasi moja, mbili, tatu. Kwa hiyo husemwa "one diamond, two diamonds". Mwaka 1947 ilionekana Mwadui almasi moja ya rangi ya waridi, yenye uzito wa karati 54.5, na Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza iwe zawadi ya arusi yake. Hiyo ilikuwa "a diamond", almasi moja.

Dhahabu haihesabiki. Ukiikata vipande viwili, kila kipande ni dhahabu bado. Ukiiyeyusha pamoja, ni dhahabu bado. Kwa hiyo neno "gold" halichukui "s" ya wingi, wala halitanguliwi na "a". Dhahabu hupimwa, husemwa "an ounce of gold", yaani wakia moja ya dhahabu, na "two ounces of gold". Angalia ya kuwa "s" imekaa kwenye kipimo, haikukaa kwenye dhahabu.

Majina ya namna hii ni mengi: "cotton" ni pamba, "salt" ni chumvi, "sand" ni mchanga, "flour" ni unga, "rice" ni mchele. Kila moja hutafutiwa kipimo au chombo: "a bale of cotton" ni robota la pamba; "a bag of flour" ni gunia la unga; "a tin of salt" ni kopo la chumvi.

Hapa msemaji wa Kiswahili ana hatari ambayo watu wengine hawana. Kiswahili huyapa wingi baadhi ya majina ambayo Kiingereza huyapa umoja. Sisi husema "maji haya ni safi", "maziwa yamemwagika", "mahindi yameiva". Mtu akiyafuata mazoea hayo ataandika "The waters are clean" na "The milks are spilt", naye atakuwa amekosa. Sharti aandike "The water is clean", "The milk is spilt", "The maize is ripe". Vivyo hivyo "fedha zangu zimepotea" huwa "My money is lost", na "nywele zake ni nyeusi" huwa "Her hair is black." Hata neno "news", yaani habari, lenye "s" mwishoni, ni la umoja: "The news is good." Na mashauri matatu si "three advices", bali ni "three pieces of advice".

Tena yako mambo yaliyo kinyume. Suruali moja Waingereza huiita kwa wingi, "trousers", labda kwa sababu ina miguu miwili, husema "My trousers are torn." Mkasi mmoja ni "scissors", kwa kuwa una makali mawili. Atakaye kuhesabu husema "a pair of trousers", "two pairs of scissors".

6. MAJINA YA MAKUNDI, NA YA MAMBO YASIYOSHIKIKA

Kiswahili chaweza kutumia neno "kundi" kwa viumbe wengi. Kiingereza hupenda kuchagua. Kundi la ng'ombe ni "a herd of cattle". Kundi la kondoo au la ndege ni "a flock". Kundi la nyuki au la nzige ni "a swarm". Watu waliokusanyika ovyo ni "a crowd". Wachezao mpira pamoja ni "a team". Ijapokuwa ndani ya kundi mna wengi, kundi lenyewe ni moja, kwa hiyo huandikwa "A herd is in the field." Makundi yakiwa mawili, ndipo "Two herds are in the field."

Yako pia majina ya mambo yasiyoshikika kwa mkono wala kuonekana kwa macho: "honesty" ni uaminifu, "courage" ni ushujaa, "poverty" ni umaskini, "freedom" ni uhuru. Msemaji wa Kiswahili huyafahamu upesi, maana katika lugha yake mengi ya majina hayo huanza na "u". Katika Kiingereza dalili hukaa mwishoni tena. Kutoka "kind", mwenye huruma, hupatikana "kindness". Kutoka "child", mtoto, hupatikana "childhood". Kutoka "friend", rafiki, hupatikana "friendship". Mtoto, utoto, rafiki, urafiki: njia ni moja, ila Mswahili avaa kofia na Mwingereza avaa viatu.

7. MANENO MADOGO YATANGULIAYO MAJINA

Kiswahili hakina maneno yaliyo sawasawa na "a", "an" na "the", ndiyo maana wanafunzi huyasahau. Lakini jina la Kiingereza la umoja, likiwa lahesabika, halipendi kutembea peke yake. Huandikwa "I saw a boy" mara ya kwanza, wakati msikilizaji hajui ni mvulana gani. Akisha kujulikana, huandikwa "The boy was crying", yaani yule mvulana tuliyekwisha kumtaja.

"An" hutumika mahali pa "a" ikiwa jina laanza kwa sauti ya irabu: "an ox, an egg". Sikio ndilo lihukumulo, si jicho. Neno "hour", yaani saa, huanza na "h" isiyotamkwa, kwa hiyo ni "an hour". Neno "university", ingawa laanza na "u", hutamkwa kama "yu", kwa hiyo ni "a university".

8. MWENYE MALI

Katika Kiswahili mali hutangulia na mwenyewe hufuata: kitabu cha mtoto. Katika Kiingereza mwenyewe aweza kutangulia, naye hupewa alama ndogo juu ya mstari pamoja na "s": "the child's book".

Alama hiyo ni ndogo kama chawa, lakini yaweza kuhamisha zizi zima. Tazama maneno haya: "my brother's cattle" na "my brothers' cattle". Sauti ni ile ile. Lakini ya kwanza ni ng'ombe wa ndugu yangu mmoja, na ya pili ni ng'ombe wa ndugu zangu wengi. Alama ikiwa kabla ya "s", mwenye mali ni mmoja. Ikiwa baada yake, wenye mali ni wengi. Siku ya kugawanya urithi neno hili si dogo. Majina yale yasiyofuata kanuni, kama "men" na "children", hupewa alama kabla ya "s" hata yakiwa ya wingi: "the children's school".

9. MFANO: HATI YA BABU

Hadithi hii ni ya mfano, nayo yaonyesha faida ya mambo tuliyoyasoma.

Mzee mmoja alikwenda mnadani pamoja na mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la sita. Alikuwa na ng'ombe jike mmoja na ndama wawili. Ndama mmoja alikuwa wa ng'ombe yule, na wa pili alikuwa yatima, naye mzee alikusudia kumlea. Akatokea mnunuzi kutoka mbali, wakapatana bei ya ng'ombe pamoja na ndama wake. Karani wa mnunuzi akaandika hati kwa Kiingereza, akampa mzee kalamu atie sahihi.

Mjukuu akasema kwa adabu, "Babu, naomba niisome kwanza."

Mzee akampa. Mtoto akasoma polepole: "I have sold the cow and the calves." Akanyamaza kidogo, akauliza, "Babu, mmepatana ndama wangapi?"

"Mmoja, mjukuu wangu. Yule mwekundu nimemwacha kwa ajili yenu."

"Basi hati hii yasema ndama ni zaidi ya mmoja. Ndama mmoja ni 'calf'. Hapa pameandikwa 'calves'."

Karani akaitazama hati, akasema kalamu imeteleza. Labda ilikuwa kweli. Ndama walikuwa wawili machoni pake, naye aliandika alivyoviona. Akaifuta hati, akaandika upya "the cow and her calf", na mzee akatia sahihi. Jioni yule ndama mwekundu akarudi Ibadakuli nyuma ya mzee.

Njiani mzee akauliza, "Ulijuaje?"

Mtoto akajibu, "Jina likiishia na 'f', babu, mara nyingine hubadilika. Mwalimu alituambia tukariri."

"Nami nilidhani mwakariri bure," mzee akasema.

10. MAJINA HUSAFIRI

Mwisho, ifahamike ya kuwa majina huhama kutoka lugha moja hata nyingine, na yakifika ugenini huvaa nguo za wenyeji. Neno la Kiswahili "safari" limeingia katika Kiingereza, na huko wingi wake ni "safaris", kwa "s" kama majina yao mengine. Maneno ya Kiingereza nayo yakija kwetu hufuata ngeli zetu. Shati huwa mashati, koti huwa makoti. Madereva husema kipilefti kimoja na vipilefti viwili, ijapokuwa neno hilo lilitoka katika maneno mawili ya Kiingereza yaamuruyo watu kushika kushoto. Wengine, waliposikia neno la Kiingereza la bati linalozuia matope ya gurudumu, walilisikia kama madigadi. Kwa kuwa laanza na "ma" wakaona ni wingi, wakaita moja digadi.

Watu hao hawakukosa akili. Walitumia kanuni ya lugha yao kwa neno la lugha nyingine. Ndivyo afanyavyo mwanafunzi aandikapo "milks" na "advices". Kosa lake lina sababu, na kosa lenye sababu huponyeka. Akiijua kanuni ya kwao na kanuni ya ugenini, kila moja kwa mahali pake, atakuwa na lugha mbili zilizo nzima. Haba na haba hujaza kibaba. Majina matano kwa siku, yakikaririwa vema pamoja na wingi wake, yapita 1,800 kwa mwaka.

MAZOEZI

A. Taja majina yaliyo katika sentensi hizi, na useme kila moja ni la pekee au la jumla:
1. The train from Tabora stops at Shinyanga.
2. A farmer took his cotton to the market on Monday.
3. The mine is mine, said the man.

B. Andika wingi wa majina haya: cow, ox, fly, calf, roof, church, child, donkey, sheep, tomato.

C. Sahihisha makosa:
1. My mother bought two rices.
2. The cattle is drinking waters.
3. He gave me three advices.
4. The boys runs to school.
5. My trousers is new.
6. She is waiting for a hour.

D. Eleza kwa Kiswahili tofauti iliyopo:
1. the boy's goats. The boys' goats
2. I have sold an ox. I have sold a cow
3. I found gold. I found a diamond

E. Fasiri kwa Kiingereza:
1. Maziwa haya ni mabichi.
2. Niliona kundi la ng'ombe karibu na kisima.
3. Watoto wadogo walikula mahindi.
4. Uaminifu wa karani ulimpendeza mzee.

F. Yafikiri haya, kisha mwandike mistari kumi kwa Kiswahili: Kama mjukuu hangalisoma hati ya babu yake, ni nani angalipata hasara, na herufi gani zingaliileta?